Sonara wa Boston na buli lisilo na nakshi

Mimi ni sonara, nafanya kazi za fedha zaidi kuliko dhahabu, na kuna picha moja huwa naifungua kwenye simu kila nikiletewa kazi ya nakshi. Ni ya Paul Revere, sonara wa Boston kule Marekani, alichorwa kwa rangi ya mafuta na John Singleton Copley mwaka 1768, na iko hukohuko Boston kwenye Makumbusho ya Sanaa, wazao wake waliitoa zawadi mwaka 1930.

Wengi wanamjua Revere kwa ile safari ya farasi ya usiku wa tarehe 18 Aprili 1775, alipoenda kuwaonya watu kwamba askari wa Mwingereza wanakuja, ila hapa bado miaka saba, hapa ni fundi tu. Amekaa na shati la kitani, kizibao hakijafungwa, koti hakuna, wigi hakuna. Wakati ule mtu akilipia picha anavaa nguo zake za maana kabisa, huyu kaja na nguo za kazi.

Sasa angalia mkono wa kushoto. Ameshika buli la fedha, umbo limeshakamilika na limeng'arishwa ila halina nakshi hata mstari mmoja, vyuma vya kuchorea viko mezani, na buli limekaa juu ya kimto cha ngozi. Hicho kimto ndo kinachonifurahisha, maana asiyefanya hii kazi anadhani ni cha kuzuia mikwaruzo tu, kumbe ukichora mstari wa kuzunguka huzungushi chuma, unazungusha kazi yenyewe, chuma kinatulia mkononi na kimto kinaacha buli ligeuke taratibu. Mkono wa kulia uko kidevuni, anawaza. Nakijua hicho kituo, ukishakata fedha hairudi.

Meza lakini sikubaliani nayo. Inang'aa kama kioo, haina hata mkwaruzo, meza ya sonara haiwi hivyo jamani.

Na buli lenyewe halikuwa kitu kidogo, maana 1767 bunge la Uingereza lilikuwa limeweka ushuru kwenye chai inayoingia makoloni yake ya Amerika na watu wa Boston walikuwa na hasira na ushuru huo kwelikweli.

Copley na Revere walikuwa wanajuana kikazi, Revere alishamtengenezea fremu za picha zake. Na Copley aliwahi kulalamika kwenye barua kwamba watu wa kwao wanaona uchoraji ni kazi ya mikono tu kama useremala, ushonaji nguo au ushonaji viatu, ilimuuma. Ila alipomchora fundi mwenzake hakumpunguzia kitu, kichwa na mikono vyote kavipa mwanga.

Ukikuza picha hapo kwenye ubavu wa buli utaona vidole vya Revere vimejirudia ndani ya fedha, vimepinda kufuata tumbo la buli, vilevile ninavyoviona vyangu nikishamaliza kung'arisha.