Tairi haliyeyuki

Wengi tumekua tukiamini kwamba tairi kuukuu likitiwa motoni litayeyuka kama dumu la plastiki, kisha vikorogwe pamoja vitoe kitu kipya. Sivyo.

Dumu la mafuta ya kula hulainika likifika joto la nyuzi 130 hivi, na likipoa hukakamaa tena. Kipande cha tairi, hata kile cha soli ya katambuga, hakifanyi hivyo. Joto likizidi huungua na kutoa moshi mweusi wenye sumu, kwa hiyo tafadhali usijaribu nyumbani. Sababu ni salfa. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliopikwa na salfa haunati wala haulegei juani. Salfa hiyo hufunga minyororo ya mpira, yaani molekuli zake ndefu, kwa mafundo ambayo joto la kuyeyushia plastiki haliyafungui.

Ndiyo maana kiwandani tairi husagwa. Waya hunaswa kwa sumaku, nyuzi za kitambaa hupepetwa, zinabaki chenga. Inayoyeyushwa ni plastiki ya kuchanganya nazo. Chenga hukaa ndani yake kama kokoto kwenye zege. Na hapa ndipo penye kazi: plastiki isipozishika vizuri, bidhaa huvunjika kirahisi. Wataalamu huzisaga zaidi, huongeza kemikali ya kuunganisha, au hukata baadhi ya mafundo ya salfa.

Mchanganyiko ukikubali, hufaa kwa mikeka na vigae vya sakafu. Tairi jipya halitoki humo, lakini kwangu mimi vigae hivyo ni bora mara mia kuliko tairi kuchomwa jalalani.