Wakishapiga kura ya uhuru, kinafuata nini?

Karatasi ya kura waliyopewa watu wa Sudan Kusini Januari 2011 ilikuwa na picha mbili. Mikono miwili iliyoshikana ilimaanisha kubaki ndani ya Sudan. Kiganja kimoja kilichoinuliwa kilimaanisha kujitenga. Mpiga kura alitia dole gumba kwenye wino, akabonyeza penye picha aliyoitaka, akaikunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Hata asiyejua kusoma hakuhitaji msaada wa mtu. Ukitazama tendo jepesi namna hiyo, unaweza kuamini kwamba alama ile ya dole ndiyo iliyozaa nchi. Imani hiyo imewagharimu watu wengi, ndiyo maana naiandikia.

"Wananchi wakisema ndiyo, nchi imepatikana." Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Ukweli ni kwamba kura hupata nguvu kutokana na makubaliano yaliyoitangulia. Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi mwaka 2005, kati ya serikali ya Sudan mjini Khartoum na SPLM, chama cha wapiganaji wa kusini, ulishaeleza kwamba kipindi cha mpito cha miaka sita kitamalizika kwa kura. Ikakubaliwa pia kwamba ili kura ihesabike, angalau asilimia 60 ya walioandikishwa lazima wajitokeze. Kwa hiyo asilimia 98.83 walipochagua kujitenga, Khartoum iliyapokea matokeo, na tarehe 9 Julai 2011 bendera ikapandishwa Juba.

Linganisha na Wakurdi wa Iraq. Septemba 2017 zaidi ya asilimia 92 walisema ndiyo, lakini Baghdad haikuwa imeikubali kura hiyo. Wiki tatu baadaye jeshi la Iraq lilikuwa limeshaingia Kirkuk. Sidhani kama hamu ya uhuru ilikuwa ndogo Erbil, makao makuu ya Wakurdi hao, kuliko Juba. Kilichokosekana ni sahihi ya upande wa pili. Bougainville nako, eneo la visiwa lililo chini ya Papua New Guinea, mwaka 2019, zaidi ya asilimia 97 walichagua uhuru, ila mkataba wao wa amani wa 2001 ulishasema kwamba baada ya kura kuna mashauriano, na neno la mwisho ni la Bunge la Papua New Guinea. Ushindi wa aina hiyo humpa mtu nafasi mezani, haumpi bendera kesho yake.

Mahakama ya Juu ya Kanada ililieleza vizuri jambo hili mwaka 1998 kuhusu Quebec: jimbo halina haki ya kujitenga kwa uamuzi wake peke yake, lakini watu wakijibu swali lililo wazi kwa wingi ulio wazi, upande wa pili una wajibu wa kukaa nao na kuzungumza.

"Nusu na kura moja inatosha." Inategemea sheria ya kura husika. Montenegro mwaka 2006 iliwekewa asilimia 55, ikapata 55.5. Kwa maoni yangu, idadi ya waliojitokeza ina uzito uleule: New Caledonia, visiwa vilivyo chini ya Ufaransa, mwaka 2021 ilikataa uhuru kwa zaidi ya asilimia 96, huku vyama vya Wakanaki, wenyeji wa asili, vinavyodai uhuru vikiwa vimesusia na zaidi ya nusu ya wapiga kura wakibaki nyumbani.

"Uhuru ukija, katiba inakuja nao." Laiti ingekuwa hivyo. Eritrea ilipiga kura Aprili 1993, karibu wote wakachagua uhuru. Tume iliandika katiba, watu wakatoa maoni, bunge maalumu likaipitisha Mei 1997, na hadi leo haijatekelezwa. Sudan Kusini ilianza na katiba ya mpito ya 2011; kabla ya katiba ya kudumu kuandikwa, Desemba 2013 vita vikalipuka. Timor Mashariki walipita njia nyingine. Baada ya kura ya Agosti 1999 na umwagaji damu wa wanamgambo, Umoja wa Mataifa ulishika utawala, wananchi wakachagua bunge la katiba la watu 88, na katiba ikaanza kutumika siku ileile ya uhuru, 20 Mei 2002.

"Katiba isiyopigiwa kura ya maoni si ya wananchi." Afrika Kusini haikuipigia kura katiba yake ya 1996. Iliandikwa na bunge lililochaguliwa, na Mahakama ya Katiba ikairudisha ikarekebishwe kabla ya kuithibitisha. Wala kuikataa rasimu si kupoteza kila kitu, kwani katiba ya zamani huendelea. Kenya mwaka 2005 Chungwa, alama ya hapana, liliishinda Ndizi, alama ya ndiyo, rasimu ikaanguka. Miaka mitano baadaye ikapatikana katiba iliyozinduliwa 27 Agosti 2010. Ila mpiga kura huambiwa aimeze rasimu nzima au aiteme nzima. Mwenye neno juu ya ibara fulani alitakiwa kulisema maoni yalipokuwa yanakusanywa.

Limebaki swali ambalo watu huliruka: nani apige kura? Scotland mwaka 2014 kijana wa miaka 16 aliruhusiwa, na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya aliyekuwa akiishi huko pia, lakini Mskoti mzaliwa aliyekuwa akiishi London hakuruhusiwa. Ukaazi ndio uliotazamwa.

Abyei, eneo la mpakani linalogombaniwa na Sudan na Sudan Kusini, swali hilohilo lilikwamisha kila kitu. Wakazi wake walipaswa kupiga kura yao sambamba na ile ya Januari 2011, waamue wawe upande gani. Pande mbili hazikuelewana kama wafugaji wa Misseriya wanaopitisha mifugo yao huko kila mwaka wahesabiwe wakazi. Siku ikapita bila kura. Oktoba 2013 Wadinka wa Ngok, wakazi wa kudumu wa Abyei, walijiandalia kura wenyewe, karibu wote wakachagua Sudan Kusini. Khartoum haikuitambua, wala Juba.