Je, wajua skurubu haishiki ukuta?

Miaka na miaka mie nilijua skurubu inashika ukuta kwa meno yake. Unatoboa tundu, unapachika kile kidude cha plastiki, unazungusha bisibisi, meno yanauma ukuta, kwisha. Kile kidude nilikiona kijazio tu cha tundu lililopita kiasi, na siku nikikikosa natia njiti za kibiriti, na ikitikisika bado nasema dawa yake skurubu nene zaidi. Mpaka fimbo ya pazia niliyofunga kwa mkono wangu nyumbani kwa mama mkwe, Mkunazini ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ikaanguka siku ya pili ya Idi, pazia lote juu ya sahani ya kaimati, wageni wamekaa, na bi mkubwa hakusema neno, bora angesema.

Nikaokota skurubu. Plastiki ilikuwa imeing'ang'ania vilevile, imetoka nayo nzimanzima, nyeupe kwa vumbi la chokaa utasema kaimati iliyogaragazwa kwenye sukari. Sasa fikiri hapo. Kama meno ndiyo yaliyoachia, plastiki si ingebaki ukutani? Meno hayakuachia kitu. Kilichoteleza ni plastiki na ukuta.

Kumbe skurubu yenyewe ukuta haiugusi hata kidogo. Inauma plastiki, plastiki inatanuka, inasukuma tundu pande zote, na ule msuguano wa plastiki na ukuta ndio uliobeba pazia. Skurubu hapo ni kabari iliyovaa meno. Hata zile njiti zangu za kibiriti zilipokuwa zinashika zilishika kwa sababu hiyohiyo, zilibanana zikasukuma, na mie sifa nikayapa meno. Na skurubu nene ndo balaa zaidi, ukizidisha unene kuliko kidude kinavyotaka unapasua tofali au kidude kizima kinazunguka tunduni, unapoteza hata ulichokuwa nacho.

Watoto wa Mji Mkongwe hili wanalijua bila kuambiwa. Umewaona kwenye vile vichochoro vyembamba, mgongo ukuta huu, miguu ukuta wa pili, wanapanda juu kama mijusi? Hana pa kushika pale, hana kamba wala ngazi, kinachomzuia asianguke ni kule kusukuma tu. Akisukuma zaidi anagandika zaidi, akilegeza anashuka. Ukuta ukiwa na mchanga mkavu miguu inateleza hata akisukuma vipi, ndo maana tundu lazima ulipulize vumbi litoke kabla ya kupachika (mie nilikuwa silipulizi, ati nilidhani vumbi linasaidia kujaza). Kichochoro kikiwa kipana kuliko miguu yake, hana la kufanya, na tundu kubwa kuliko kidude ndo hivohivo. Halafu kuna hili la tatu ndilo lililonipata mie: ukuta wenyewe ukiwa laini, mtoto anasukuma, chokaa inamomonyoka chini ya nyayo, na kila akikaza ndo anazidi kuuchimba.

Maana kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Drili inakutana na jiwe gumu, inchi moja mbele inatumbukia kwenye chokaa kama unga, ncha inapotea njia na tundu linatoka pana kama mdomo wa mtungi. Tofali la simenti la Mwanakwerekwe, nje ya Mji Mkongwe, ni habari nyingine, pale kidude kinabana vizuri, ila hakikisha kimevuka lipu kimeingia kwenye tofali lenyewe, kikiishia kwenye lipu utakuja kukiokota chini na kipande cha lipu juu yake. Na wenye nyumba za tofali za kuchoma, toboa tofali lenyewe, kile kiungo cha kati mara nyingi ni laini zaidi.

Kidude chenyewe kina historia ya ajabu kidogo. Zamani mafundi walichonga shimo ukutani wakapigilia kipande cha mti. Miaka ya 1910 Muingereza John Joseph Rawlings akatengeneza cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa damu ya wanyama, ndiyo, damu, na mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akaleta cha plastiki ya nailoni tunachokijua leo.

Zile kilo zilizoandikwa kwenye boksi usizichukue kama aya, zimepimwa kwenye zege au tofali za kiwandani, si kwenye ukuta wa jiwe wa Mji Mkongwe. Tena uzito peke yake haukwambii kitu. Tivii ya kilo 20 kwenye ule mkono wa chuma wa kuifungia, uliovutwa sentimita 45 kutoka ukutani, na skurubu za juu ziko sentimita 15 juu ya zile za chini, basi za juu zinavutwa kama kilo 60, maana 45 ni mara tatu ya 15, na zinavutwa kuelekea nje, upande uleule kidude kilioingilia.

Nilirudi kwa bi mkubwa wiki iliyofuata. Safari hii nikazima kule kugongagonga kwa drili, nikaiacha izunguke taratibu, ncha nyembamba kuliko ya mwanzo, vidole vinne pembeni ya lile tundu bovu. Vumbi jeupe, jeupe, halafu ghafla likatoka la kahawia, lina harufu ya mbao. Kuna mtu, sijui miaka mingapi nyuma, alishachimba palepale akapigilia kipande cha mti na lipu likapita juu yake. Nikaiweka drili chini, nikatia skurubu humohumo bila plastiki yoyote, na hapo kwa mara ya kwanza meno yakauma kweli.