Serena Williams: maneno ya vijiweni na kilichotokea uwanjani

Ubishi wa nani mkali wa muda wote kwenye tenisi ya wanawake hoja zake ni zilezile miaka yote, na nyingi ukizibana kidogo tu zinaishiwa pumzi. Mimi ni Team Serena na sifichi, ila leo mahaba pembeni, tuangalie rekodi.

"Margaret Court ana Grand Slam 24, Serena 23, kwisha habari"

Grand Slam ni yale mashindano manne makubwa ya tenisi ya kila mwaka: Australia, Ufaransa, Wimbledon na US Open. Ingekuwa kwisha habari kama mataji yote yangekuwa na uzito mmoja. Kabla ya 1968 mashindano yale makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, mapro walipigwa stop, na 13 kati ya hizo 24 za Court zilipatikana kipindi hicho. Halafu 11 ni za Australia, nyumbani kwake, zikiwemo 7 mfululizo kuanzia 1960 mpaka 1966, miaka ambayo mastaa wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa hawasafiri kwenda kule kwa sababu ni mbali na nauli si ya kitoto. Simshushii heshima mama wa watu, 1970 alibeba zote nne ndani ya mwaka mmoja na huo mzigo wameubeba wachache sana. Lakini Serena 23 zake zote ni za enzi ya wazi, kila mtu yumo, na kila moja ilibidi ashinde mechi 7 ndo aguse kombe. Kwa hiyo hiyo moja inayopungua mimi hainikoseshi usingizi.

"Ni misuli tu, hana akili ya mchezo"

Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Kama nguvu ingekuwa inatosha basi Sabine Lisicki wa Ujerumani, aliyepiga servu (mpira wa kuanzisha pointi) ya kilomita 210 kwa saa mwaka 2014, kasi ambayo Serena hakuwahi kuifikia, angekuwa na kabati limejaa vikombe, na hana hata Grand Slam moja ya singo, yaani mmoja kwa mmoja. Itazame servu ya Serena taratibu uone. Mpira anaurusha juu mahali palepale kila mara, awe anataka kuupeleka katikati au pembeni kabisa, mkono ule ule, bega lile lile, kwa hiyo aliyeko ng'ambo ya wavu hana cha kusoma mpaka raketi iguse mpira na hapo keshachelewa. Wimbledon ya 2012 alipiga servu 102 ambazo wapinzani hawakuzigusa, 24 kati ya hizo kwenye nusu fainali peke yake dhidi ya Victoria Azarenka.

Na kichwa je? Australia 2003, nusu fainali, Kim Clijsters anaongoza 5-1 seti ya mwisho na anapata pointi mbili za kumaliza mechi, Serena anazizima zote na kushinda 7-5. 2005 hapohapo Australia, nusu fainali tena, Maria Sharapova anapata pointi tatu za namna hiyo, anazikosa, na Serena anabeba taji. Wimbledon 2009 nusu fainali, Elena Dementieva amebakiza pointi moja tu aende fainali, na Serena badala ya kujificha nyuma anaukimbilia wavu na kuimaliza pale mbele. Uamuzi wa kichaa kwa dakika ile, ila ulilipa, na taji akachukua.

"Alicheza na vibonde"

Vibonde gani sasa? Taji lake la kwanza, US Open 1999, ana miaka 17, aliwatoa Monica Seles, Lindsay Davenport na Martina Hingis, mmoja baada ya mwingine, wote watatu washawahi kuwa namba moja duniani. Kati ya 2002 na 2003 alishinda Grand Slam nne mfululizo na fainali zote nne aliyesimama mbele yake ni Venus, dada yake wa damu, ambaye naye si wa kubezwa. Baadaye wakaja kina Justine Henin, ambaye kweli alimsumbua, mechi zao wamemaliza Serena 8, Henin 6, na mara kadhaa Henin alimnyoosha vizuri tu. Sharapova ndo kila mtu anamtaja kama ushahidi wa vibonde kwa sababu Serena alimfunga mara 20 na kufungwa 2 tu, sasa huyu mwenye Grand Slam 5, aliyewahi kubeba kila moja ya yale mashindano manne, akiwa kibonde wengine tuwaite nani?

"Steffi Graf alifanya 1988 kitu ambacho Serena hakuweza"

Hii ni kweli, siibishi. Grand Slam zote nne na dhahabu ya Olimpiki mwaka mmoja, hakuna mwingine aliyefanya hivyo kwenye singo, na Serena 2015 alibakiza mechi mbili tu apate zile nne akatolewa na Roberta Vinci. Kama kipimo ni mwaka mmoja bora, mpe Graf. Ila Graf alistaafu 1999 akiwa na miaka 30, na Serena alichukua 10 kati ya 23 zake baada ya kufikisha 30, ikiwemo ya Australia 2017 akiwa mjamzito bila kupoteza seti hata moja. Kwangu mimi kudumu kunazidi.

"Mwanaume wa namba 203 alimfunga"

Karsten Braasch, Melbourne, 1998. Ilikuwa seti moja ya kirafiki, Serena ana miaka 16 na hajashinda chochote. Na Serena mwenyewe alishasema hadharani kuwa Andy Murray, bingwa wa upande wa wanaume, angemfunga 6-0, 6-0. Tunabishania tenisi ya wanawake, tusihamishe goli.

"Baada ya kuzaa aliisha"

Alijifungua Septemba 2017, akapata damu kuganda kwenye mapafu, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na Julai 2018 yuko fainali ya Wimbledon. Akafika fainali nne ndani ya miaka miwili na akapoteza zote bila kupata seti, hilo linauma na mashabiki wake tusilifunike. Ila hebu nitajie wengine waliocheza fainali za Grand Slam wakiwa na miaka 37, utawahesabu kwa vidole. 2022, karibu anafikisha 41, alimtoa Anett Kontaveit aliyekuwa namba mbili duniani.

Ugomvi wake na marefa kwenye US Open za 2009 na 2018 siutetei, ule wa 2009 alikula faini na ilikuwa halali yake.

Na dabo, wawili kwa wawili, sijaigusa kabisa. Fainali 14 za Grand Slam na Venus, wameshinda 14.