Premio au 320i? Anza na namba ya injini, nembo itafuata

Ukipekua matangazo ya magari ya mtumba kutoka Japan utakuta kitu kinachoonekana kama bahati: Mercedes C180 au BMW 320i ya 2013 inauzwa bei ileile ya Toyota Premio ya mwaka huohuo, na mara nyingine chini yake. Japan kwenyewe gari ya Kijerumani hushuka thamani haraka ikishamaliza dhamana, maana mwenye gari anaijua bili inayomsubiri kwenye ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili. Premio haishuki hivyo kwa sababu mnadani inagombaniwa na wanunuzi wetu wa Dar, Nairobi na Kampala. Bei zinalingana, lakini moja ina maisha mengi mbele yake, na nyingine imefika umri ambao plastiki na mpira vinaanza kudai.

Ushuru hautakusaidia kuchagua. Tanzania ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 ni 5%, na humo wamo wote: Premio ya 1.5, C180 ya 1.6 yenye tabo na 320i ya 2.0. Ukipanda hadi 2.5 ya Mark X unaingia 10%. Gari ikifika miaka 8 kuna ushuru wa ziada wa uchakavu, na ikizidi 10 unapanda tena. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo F30 (kizazi hiki cha 320i) za zamani utakazoziona Nairobi ni zile zilizokwisha kupewa namba za Kenya. Hizo zimepitia mikono zaidi ya mmoja, na hapo rekodi za sevisi zina uzito kuliko rangi.

Nimpe Mjerumani haki yake kwanza. Kwenye lami ndefu, tuseme Dar hadi Dodoma umebeba watu wanne na mizigo, 320i na C-Class zinatulia kwa namna ambayo Premio haiwezi. Breki zinashika bila kulegea mteremkoni, viti havikuumizi kiuno baada ya saa tano, na kelele za upepo hazikulazimishi kupaza sauti. F30 na W205 (C-Class iliyofuata W204) zote zilipata nyota tano za Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, 2012 na 2014. Premio za miaka ya mwanzo nyingi hazina hata VSC, ule mfumo wa kuzuia gari kuyumba. Tafuta kitufe chake kwenye dashibodi kabla ya kulipa. Kama safari zako nyingi ni za mikoani, hizi ni sababu za kweli, si majivuno.

Mjini mambo yanageuka. Premio iko juu ya ardhi kwa takriban sentimita 16, F30 takriban 14. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokwaruza chini kwenye matuta ya mtaani ukiwa umejaza abiria. Tena Mjerumani anasukuma kwa magurudumu ya nyuma, hivyo kuna mgongo mkubwa unaopita katikati ya sakafu. Mtoto wa katikati anakaa miguu imepanuliwa kama amepanda farasi. Premio inavuta mbele, sakafu yake ya nyuma inakaribia kuwa bapa, na mgongo wa kiti cha nyuma unalazwa kidogo. Familia ya watu watano itauhisi utofauti huu kila siku, nembo wataisahau baada ya wiki mbili.

Tuje kwenye injini, maana maamuzi yote yako hapa.

F30 320i za mwanzo zina injini ya N20. Taimingi cheni yake inaongozwa na reli za plastiki, na za kabla ya 2015 ndizo zenye sifa mbaya: plastiki inakauka, inavunjika vipande, cheni inalegea, na vipande vinashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, hadi kwenye kichujio cha pampu ya oili. Cheni ikiruka meno, valvu zinagonga pistoni na mazungumzo yanahamia kwenye injini nzima. Dalili ni mlio mwembamba, kama wa filimbi iliyoziba, unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini; huo mara nyingi unatoka kwenye cheni ndogo ya pampu ya oili. Baada ya N20 ilikuja B48, ambayo ni injini bora kwa mbali. Usikadirie kwa mwaka wa gari, kwa sababu kuna kipindi zote mbili zilikuwa sokoni. Chukua VIN, namba ya utambulisho wa gari yenye herufi na tarakimu 17, mpe muuza spea mwenye katalogi, akuambie injini ni ipi.

Kwa Mercedes W204, C-Class ya kabla ya W205, C180 nyingi na C200 CGI zina injini ya M271. Ikiwashwa ya baridi inakwaruza sekunde mbili tatu kama mnyororo wa baiskeli uliolegea, kisha inanyamaza. Muuzaji atakwambia ni oili tu haijapanda. Ni cheni iliyovutika, pamoja na gia za kamshafti ambazo meno yake yameliwa. Fundi akibadilisha cheni peke yake na kuacha gia zile, kelele inarudi. W204 ina ugonjwa mwingine wa ghafla: kufuli ya umeme ya usukani. Ufunguo unaingia, taa za dashibodi haziwaki, usukani umejifunga, na jana yake gari ilikuwa nzima kabisa. Kwa W205, iepuke yenye sasipensheni ya hewa. Tafuta yenye springi za chuma.

Premio nayo si malaika. Ya 1.5 yenye namba ya chasisi NZT260 na injini ya 1NZ-FE ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Za 1.8 zenye 2ZR-FAE zina Valvematic, mfumo unaobadilisha kiasi valvu zinavyofunguka, na kontrola yake ikifa gari inapoteza nguvu na taa ya injini inawaka. Wengi hukimbilia kubadilisha plagi na koili bure. Kinachoua Premio nyingi hapa kwetu ni gia boksi ya CVT kuwekewa ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. CVT inabana mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na oili yake ndiyo inayoamua mkanda ushike au uteleze. Za mwanzo zinataka CVTF TC, za baadaye FE, na hazibadilishani. Gari ikitetemeka inapoanza kuondoka taratibu kwenye foleni, uliza mara ya mwisho iliwekwa oili gani, na ukijibiwa "ya gia boksi ya otomatiki", ondoka.

Sevisi yenyewe inaonyesha pengo vizuri. Premio ya 1.5 inakula lita 3.7 za oili, galoni moja ya lita 4 inatosha na inabaki ya kuongezea. N20 inataka lita 5 hivi, tena zilizoandikwa Longlife-01, kiwango cha BMW, mgongoni. M271 inataka lita 5.5 zenye idhini ya MB 229.5. Skrini ya BMW inaweza kukuambia sevisi bado kilomita 20,000. Usiitii. Kwa vumbi letu, foleni na joto, mwaga oili kila kilomita 7,000 au 8,000. Na N20 haina kijiti cha kupimia oili, kiwango kinasomwa kwenye skrini. Sensa ikidanganya, hujui kitu. Betri nayo: ukibadilisha ya BMW lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo inaendelea kuchajiwa kama ile kuukuu na inakufa mapema. Ya Premio unafungua boliti mbili, unaondoka.

Usisahau maji ya rejeta. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na fundi wa haraka anajazia maji hayohayo. Toyota itavumilia muda kabla ya kukasirika. N20 ina pampu ya maji ya umeme na mabomba ya plastiki, ikichemsha mara moja kichwa cha injini kinaweza kupinda. Tembea na lita moja ya kulanti sahihi kwenye buti, na kumbuka BMW na Mercedes nyingi za Japan hazina tairi ya akiba kwa sababu zinakuja na ranifleti, tairi zinazoweza kutembea kidogo bila upepo. Ranifleti ya 225/50R17 hutaipata Singida usiku. Tairi za 195/65R15 za Premio ya 1.8 utazikuta karibu kila mji wenye duka la tairi.

Kwenye ukaguzi, sharti langu la kwanza ni moja: gari iwe ya baridi kabisa. Gusa boneti kwa kiganja. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaiwasha ili kuficha kitu, rudi kesho asubuhi. Simamia mbele, mwenzako awashe, usikilize zile sekunde tatu. Kwa N20, omba filta ya oili itolewe, ipo juu, haihitaji kulala chini ya gari. Tandua mikunjo ya karatasi kwa vidole, uifute kwa kitambaa cheupe. Ukiona chembe za plastiki, za kahawia au nyeusi, ngumu kama kucha iliyokatwa, hizo ni reli za cheni. Hakuna bei ya punguzo inayofidia chembe hizo.

Kisha soma makosa kwa mashine ya kampuni husika, ISTA kwa BMW na Xentry kwa Mercedes. Kale kadude kadogo ka bei ya chee ka bluetooth kwa kawaida kanasoma injini tu, hakafiki kwenye gia boksi, ABS wala eabegi. Kama mjini kwako hakuna gereji yenye mojawapo ya mashine hizo, swali la gari gani ununue limeshajibiwa.

Upande wa fedha napima hivi. Chukua bei ya gari ikiwa imeshatoka bandarini. Kwa Premio, tenga 5% hadi 8% ya bei hiyo kando kwa mwaka wa kwanza: oili, bushi, shokapu, breki pedi. Kwa Mjerumani wa zaidi ya miaka 8, tenga 20%, na ziwe taslimu siku ya kununua, si ahadi ya mshahara ujao. Ukiona hizo 20% zinakulazimu kushusha mwaka wa gari au kukata bima ndogo badala ya kubwa, basi unachokiweza ni Premio.

Katikati kuna mlango ambao wengi wanaupita: Mark X ya GRX130 au Lexus IS 250. Zote zinasukuma nyuma, zina V6 ileile ya 4GR-FSE, gia sita zinazotumia ATF WS, na spea nyingi zipo Gerezani, Kariakoo bila kuagiza. Kasoro yake ni kwamba nozeli zinanyunyiza petroli moja kwa moja kwenye silinda, hivyo valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na zinajaa masizi; injini ikiwa sailensi, gari limesimama bila kukanyaga mafuta, inatetemeka kidogo na kupoteza pumzi. Kusafisha kunahitaji kufungua manifoldi. Wekea kazi hiyo bajeti, na kagua kiwango cha oili kila unapojaza tangi la pili, kwa sababu 4GR iliyochoka inakula oili kimyakimya bila kutoa moshi wa kukushtua.