Buibui wa kwenye mbaazi hakukojolei

Juzi huku Ruangwa mama mmoja kanionyesha shingo ya mwanawe. Malengelenge yamejipanga mstari, kama kamwagikiwa maji ya moto. "Bwana shamba, buibui wa kwenye mbaazi kamkojolea." Buibui mwenyewe walishampiga fagio, yeye na mfuko wake wa mayai. Nimechoka kulisikia hili.

Buibui hana mkojo wa kuunguza. Uchafu wake ni kitone cheupe mfano wa chokaa. Kikikudondokea unakifuta, basi. Malengelenge ya mstari hutokana na kidudu chembamba, urefu wa punje ya mchele, chenye pingili nyekundu na nyeusi, kinachofuata taa usiku baada ya mvua. Hakiumi. Ukikiponda kwenye ngozi, maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza, na lengelenge hutokea kesho yake au keshokutwa. Wakati huo kidudu kimeshasahaulika, anayeonekana ni buibui. Kipeperushe, usikiponde, uoshe kwa maji na sabuni. Malengelenge yakishika upande mmoja tu wa mwili na maumivu makali, huenda ni mkanda wa jeshi, virusi vya tetekuwanga vilivyoamka upya. Wahi zahanati ndani ya siku tatu, achana na kupaka majivu.

Huyo mnayempiga fagio nimemfuatilia kwenye mbaazi zangu. Wa kijani, miguu ina miiba, kaukumbatia mfuko wenye rangi ya nyasi kavu. Sisimizi akipanda kijiti, anamshukia. Mvua ikipiga, hahami. Tumbo lilisinyaa siku hadi siku, na watoto walipotoka, wadogo kama ulezi, bado alikuwa juu yao.

Eti watoto watajaa shamba lote? Wengi huliwa, waliobaki hupanda ncha ya jani, wakatoa uzi, upepo ukawachukua. Eti humla mama yao? Wapo buibui wa hivyo, huyu si mmoja wao. Eti mfuko ni ugonjwa wa ubwiriunga? Ubwiriunga ni unga juu ya majani ya mkorosho, haufungwi kwa nyuzi.

Ni kweli hukamata hata nyuki. Lakini hukamata pia viwavi na kunguni wanaonyonya maganda ya mbaazi, na hao ndio mnaowanunulia dawa. Mimi hufunga kipande cha kanga kuukuu kwenye shina alipo buibui huyo, anayepuliza dawa aliruke.