Desibeli 60: safari ya waya hadi kwenye kubiti

Ukiona friji ya kompyuta ya kwantamu imefunguliwa, kinachong'aa ni sahani za shaba zilizopakwa dhahabu na msitu wa nyaya. Chipu yenyewe huioni kwa urahisi. Kazi yetu sisi wa mifumo ya vifaa iko zaidi kwenye msitu huo, na kwa maoni yangu matatizo mengi yanayolaumiwa chipu huanzia humo. Hapa nazungumzia mashine za kubiti (biti ya kwantamu, inayoweza kuwa 0, 1 au mchanganyiko wa vyote viwili) za superkondakta, yaani metali inayopitisha umeme bila upinzani ikipoa vya kutosha; aina yake huitwa transmoni.

Kubiti ya gigahezi 5 ina pengo la nishati linalolingana na halijoto ya kelvini 0.24 hivi. Ndiyo maana chipu hufungwa kwenye sahani ya chini kabisa, ambako mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4 huleta baridi ya milikelvini 10 hadi 20. Kwa milikelvini 20, uwezekano wa joto kuipandisha kubiti kutoka 0 kwenda 1 ni takriban 6 kwa milioni. Hiyo ni hesabu ya kubiti isiyounganishwa na kitu chochote. Yetu imeunganishwa na waya unaotoka chumbani, kwenye kelvini 300, na waya huo hubeba kelele ya joto ya takriban fotoni (chembe za mawimbi) 1,250 kwa kila modi, yaani kila namna moja ya mtetemo wa wimbi.

Dawa yake ni atenueta, kifaa kinachopunguza nguvu ya mawimbi. Ile ya desibeli 20 hupitisha sehemu moja tu kati ya 100. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba atenueta nayo hutoa kelele ya halijoto yake yenyewe, kwa hiyo mahali ilipofungwa panahesabika kuliko ukubwa wake. Funga desibeli zote 60 nje ya friji na kelele inayoingia itabaki ileile ya kelvini 300.

Mpangilio wa kawaida ni desibeli 20 kwenye kelvini 4, 20 kwenye milikelvini 100, na 20 chini kabisa. Fuata hesabu: fotoni 1,250 zinashuka hadi 12.5, atenueta ya kelvini 4 inaongeza zake 16, jumla kama 28.5. Kwenye milikelvini 100 zinabaki 0.28, inaongezeka 0.1. Chini kabisa tunafika kwenye fotoni 0.004 hivi. Ukiiruka ile ya katikati, unabaki na karibu 0.3, na kubiti italalamika.

Mbona basi tusifunge zote 60 chini? Kwa sababu nguvu inayozuiwa haipotei, inageuka joto. Mawimbi ya mikrowati 10 yakizimwa yote chini, yatakula nusu ya uwezo wa friji nyingi, ambao ni kiasi cha mikrowati 20 kwenye milikelvini 20. Na huo ni waya mmoja tu. Kwa mpangilio wa 20-20-20, mikrowati 9.9 zinaishia kwenye kelvini 4, ambako kuna zaidi ya wati moja ya kutumia, na chini inafika nanowati 1 tu.

Waya wa kuingiza mawimbi huwa wa chuma kisichoshika kutu au wa aloi ya shaba na nikeli, kwa kuwa hupitisha joto kidogo. Waya wa sumaku, unaobadilisha masafa ya kubiti kwa mkondo wa umeme, ni kesi nyingine: mkondo ukipunguzwa kwa desibeli 60 hautabaki wa kutosha, hivyo huwekwa kama 20 kwenye kelvini 4 na kichujio kinachozuia masafa ya juu chini yake.

Waya wa kutoa majibu hauvumilii atenueta kabisa, maana ishara yenyewe ni fotoni chache. Hapo tunatumia kebo ya niobiamu na titaniamu, ambayo ni superkondakta, na vifaa vinavyoruhusu mawimbi kupita upande mmoja tu, kisha amplifaya kwenye kelvini 4. Amplifaya moja hula takriban miliwati 10. Zidisha kwa 100 uone kwa nini kubiti kadhaa hushirikishwa waya mmoja wa kusomea.

Kinachosumbua zaidi siku hadi siku ni viunganishi. Teflon ndani ya kebo husinyaa kama asilimia 2 ikipoa, chuma kwa asilimia 0.3 tu, na pini iliyokuwa imeshika vizuri chumbani huachia kwenye baridi. Kaza kwa spana inayopima nguvu, nyutonimita 0.56 kwa shaba nyeupe, na pima kila waya kabla ya kufunga friji na tena ikishapoa. Kupoza na kupasha tena hula siku kadhaa, kwa hiyo pini moja ni hasara ya wiki.

Mashine ikishapoa, pima kwanza mara ngapi kubiti iliyoachwa itulie inakutwa kwenye 1. Ikiwa asilimia 1, halijoto yake halisi ni kama milikelvini 52, hata kama kipima joto cha sahani kinasoma 12. Hapo nakagua mguso wa atenueta na sahani, kisha miale ya infraredi. Fotoni yoyote yenye masafa ya juu ya gigahezi 90 hivi huvunja jozi za elektroni zinazobeba mkondo bila upinzani kwenye aluminiamu ya kubiti, na atenueta za kawaida hazina dhamana kwenye masafa hayo. Kichujio cha resini iliyochanganywa na unga wa chuma, kikifungwa karibu na chipu, hushughulikia hilo.

T1 ni muda wa kubiti kushuka kutoka 1 kwenda 0, na T2 ni muda inaohifadhi mchanganyiko wake wa 0 na 1. T2 iliyopimwa kwa njia ya mwangwi ikiwa fupi mno kuliko mara mbili ya T1, nashuku fotoni zilizobaki kwenye rezoneta ya kusomea (saketi ya mawimbi inayotumika kusoma hali ya kubiti), hivyo narudi kwenye hesabu ya kelele ya waya wake. Lakini T1 ikiyumba yenyewe, mikrosekunde 100 asubuhi na 60 jioni, usikimbilie kufungua friji: mara nyingi ni kasoro ndogo ndani ya tabaka za oksidi kwenye chipu zinazohama masafa. Pima kwa saa 24 mfululizo kwanza, na uripoti wastani pamoja na mtawanyiko wake.